Siku ya Wakaguzi, Maji Hutoka

Birika la Shangazi lilibakiwa na kikombe kimoja cha kahawa, na yeye alikuwa na hasira za kuutosha mtaa mzima. Bomba la nyuma ya benchi lake lilikuwa kavu kama kawaida, na maji ya kununua kwenye boza, lile lori la tangi, yalikuwa yameila faida yote. Akishindwa kuyanunua kesho, biashara ndiyo basi. Wateja wake, mabingwa wa kukaa na kubwabwaja, walikuwa wanaichambua Mamlaka ya Maji.

— Mamlaka inajitegemea, alisema Waziri, ambaye uwaziri wake uliishia hapo benchini. Serikali haiingilii mambo ya kila siku. Kuna bodi ya kuisimamia.

— Bodi gani? Kinyozi alifoka. Posho za bodi anasaini mkurugenzi! Nani atamkaripia anayempakulia?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Fundi Viatu. Ndiyo maana mkurugenzi kanunua gari jingine, ayaokoe miguu yake.

— Tuondolee methali zako! Kinyozi alimkatiza. Mimi nakwambia chini hakuna hata bomba. Walichimba, wakafukia hewa, wakalipana.

— Afadhali hewa, alisema Fundi Viatu. Mto wenyewe ulishauzwa zamani! Ule tunaouona ni wa kukodi.

— Wezi wakubwa! Shangazi aliligonga birika. Boza ni la shemeji yake mkurugenzi, na nyote mnajua!

Mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, aliyekuja kununua kahawa, akapewa kile kikombe cha mwisho.

— Samahani wazee wangu, alisema. Kwani serikali haileti wakaguzi?

— Inaleta sana! Waziri alijibu. Kila mwaka. Na siku hiyo Mamlaka inafungulia maji mtaa huu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Sasa wakifika hapa, huwa mnawaambia nini?

Kinyozi alikuna kidevu. Shangazi aliona haya: mwaka jana mkaguzi alisimama papo hapo, akamsalimia, naye hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakinga maji.

Nyuma yao bomba likakohoa, likatema kutu, maji yakaanza kutoka.

— Wakaguzi hao! Ndoo, jamani, ndoo!

Benchi likabaki tupu. Wote walitimua mbio makwao. Shangazi naye alishaikamata ndoo yake, akasita. Akaipindua, akaiweka katikati ya barabara, akaikalia na birika tupu mapajani.

Gari la wakaguzi likakata kona, likapiga honi.

— Piga tu, baba, alisema Shangazi. Leo sitoki mpaka mshuke mnisikilize.