Zamu ya Maji ya Nelius Ruguru

Bwana asifiwe. Mchungaji, wazee, akina mama wa ushirika, wageni wetu kutoka Embu na majirani wote wa Mitunguu, mimi naitwa Mwongera, mdogo wake marehemu Kiunga, na huyu tunayemzika leo alikuwa mke wa ndugu yangu. Msione ajabu kwamba kazi hii hakupewa binti yake mwalimu, maana marehemu mwenyewe aliagiza nisome mimi, na sababu mtaijua kabla sijaketi.

Nelius Ruguru alizaliwa tarehe 2 Juni 1958 huko Kianjokoma, Embu, akiwa mtoto wa tano kati ya wanane, akaanza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, na kwa kuwa nafasi ya sekondari ilikwenda kwa kaka zake, alijifunza ushonaji mjini Embu, akashona sare za shule kwa miaka mingi. Hadi uzeeni hakuweza kuona upindo ulioshonwa vibaya akanyamaza, na wengi wenu hapa mmewahi kuvuliwa koti mlangoni pa kanisa ili alirekebishe.

Hapo mjini ndipo alipokutana na Kiunga, fundi wa mabomba, wakafunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981 katika kanisa hilihili la Mitunguu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Makandi ambaye ni mwalimu na anaishi mtaa wa Majimbo mjini Embu, Munene, na kitinda mimba wetu Kajuju. Alijifunza Kimeru chetu kwa lafudhi ya kwao, tukamcheka, naye akaacha kushona kwa ajili ya watu akawa mkulima wa ndizi, na migomba yake ilizaa kuliko yetu sisi tuliozaliwa humu.

Kiunga alituacha tarehe 9 Agosti 2013, na hapa ndipo ninapofika mahali pagumu, lakini niliahidi. Wakati huo nilikuwa kwenye kamati ya maji, na ufunguo wa vali ya upande wetu nilikuwa nao mimi. Zamu ya shamba la Nelius ilikuwa Alhamisi, na kuanzia Januari 2015 Alhamisi ilifika na vali ikabaki imefungwa, nikasema bomba lina hitilafu, na hitilafu yenyewe ilikuwa mimi. Nilitaka achoke arudi kwao Kianjokoma, shamba libaki kwetu. Migomba ilianguka mmoja baada ya mwingine nikiitazama.

Watu walimwambia asikubali, amwapize aliyefunga maji, na ninyi mnajua sisi Wameru tunavyoogopa thenge, yule mbuzi dume anayepigwa kwa kiapo ili mwenye kosa aangamie na nyumba yake. Nelius alikuwa Mkristo tangu utotoni, lakini uchungu ulikuwa umemjaa, akatafuta mbuzi, wazee wakapanga Jumamosi tarehe 14 Machi.

Alhamisi ya wiki hiyo alikwenda kwenye ushirika wa akina mama, na walipofika katika Sala ya Bwana mahali pa kusamehe, sauti yake ikakwama, wakarudia, akakwama tena, na mara ya tatu akalia mpaka wenzake wakamshika mikono. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alipomaliza sala ile alisikia moyo wake umetua, akaenda nyumbani akalala usingizi aliokuwa ameusahau tangu azikwe mume wake. Naomba msikie jambo hili vizuri, kwamba vali ilikuwa bado imefungwa, migomba bado imekauka, hakuna kilichobadilika isipokuwa yeye.

Kesho yake akawaambia wazee hakuna kiapo, na Jumamosi akamchinja mbuzi yule yule akawaita majirani kula, nami nikiwemo. Nilikwenda kwa sababu kukataa kungekuwa kujitangaza. Nikaketi mwisho wa benchi, nikapewa sahani iliyojaa, na katika kila nyama niliyoitazama niliona kaburi langu, kwa hiyo vipande viwili nikavitia mfukoni mwa koti, koti langu la kanisani. Aliniona. Akaja akaketi kando yangu, akachukua nyama kutoka sahani yangu akala mbele ya wote, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kula. Huyu ni mbuzi tu."

Sikuweza kula. Jumatatu asubuhi nilifungua vali, na msinisifu, maana nilifungua kwa hofu, wema ulikuja baadaye na polepole, na nyama ya nyumbani kwake nilikuja kuila Krismasi ya mwaka ule, naye akaniuliza mbele ya watoto kama mfuko umeshiba.

Mwezi Februari 2024 alianza kushindwa kumeza, madaktari wakagundua saratani ya koo, akahamia kwa Makandi kule Majimbo ili awe karibu na hospitali. Nilikuwa nikienda kila Jumanne na ndizi za shamba lake, tunamsagia uji, namlisha kwa kijiko, na nilikuwa nikijificha nyuma ya nyumba kulia. Yeye hakulia. Ndipo aliponiagiza, "Utakaposoma, usinipambe. Sema pia ya maji." Alilala tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na watoto wake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Embu, majirani wa Majimbo waliompenda kama mtu wa kwao, walimu wanaofundisha pamoja na Makandi, nanyi akina mama wa ushirika, maana kama si mikono yenu siku ile, pengine mimi nisingekuwa nimesimama hapa.

Leo ni Alhamisi. Kabla ya kuja nilipita kwenye vali, na huo mlio mnaousikia nyuma ya migomba si mvua, ni zamu yake.

Nelius, mke wa ndugu yangu, maji yamefika. Pumzika kwa amani ile uliyoipata mapema kuliko sisi.