Mistari Miwili Chini ya Mama Sefu

Kijiwe chetu pale Newala kilikuwa barazani kwa Mhindi, mkabala na barabara iendayo Masasi: benchi moja lenye mguu wa kuazima, jiko la Mahmudu muuza kahawa, na cherehani yangu. Mimi ni fundi, na fundi husikia kila kitu, maana miguu ndiyo inayofanya kazi, masikio yanakaa bure. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, DC bado yuko bomani na bendera yake, na sisi barazani tulikuwa na vichwa vitatu vya kutegemewa. Cha kwanza ni Swalehe, tuliyemwita Muhuri, kwa kuwa alikuwa tarishi wa boma miaka kumi na moja na alibeba barua nyingi kuliko alizowahi kusoma. Cha pili ni Fikirini Bama, askari wa zamani wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, aliyekaa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, miezi minane na mpaka siku hiyo alikuwa hajamaliza kuisimulia. Cha tatu ni Mahmudu mwenyewe, ambaye hakuwahi kwenda popote, kwa hiyo hakuna safari ya mtu iliyomtisha. Jambo likiletwa pale halikosi majibu. Labda likose jibu.

Alhamisi moja asubuhi akaja Nikolao, Baba Skola, mkulima wa korosho, mtu mpole, amefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita. Kwapani amebana bahasha.

Nikolao: Habari za asubuhi, jamani. Nina jambo la binti yangu.

Mahmudu: Kaa kwanza. Shika kikombe. Jambo bila kahawa ni umbea.

Nikolao: Skola anaomba nafasi ya kusomea uuguzi, hospitali ya misheni. Bibi mkubwa wa huko ameandika kila mwombaji atunge insha juu ya ile sinema iliyokuja na gari la serikali. Ndiyo hii hapa. Wanafunga Jumamosi, na lori jingine ni Jumatatu. Ikilikosa lori la leo, basi tena.

Muhuri: Sasa mpe dereva. Tatizo nini?

Nikolao: Barua yao inasema, jina la sinema liandikwe inavyopasa. Skola amepiga kamstari kamoja chini ya jina, basi. Akaniambia, baba, mpe dereva tu. Akaenda zake kuteka maji tangu jogoo la kwanza. Mimi nikasema, kitu cha maisha ya mtoto kisipite bila macho ya watu wazima. Haya yangu yanasoma kitabu cha sala tu, mwandiko wa mkono yanaukataa.

Macho ya watu wazima! Hapo ndipo alipokosea, maskini, na mimi nilimwona anakosea nikaendelea kushona suruali ya mtu.

Muhuri akaitandaza karatasi juu ya meza ya cherehani yangu. Juu kabisa palikuwa na jina la sinema, Mama Sefu Ananawa Mikono, kwa mwandiko safi, na chini yake mstari mmoja wa rula.

Muhuri: Mmoja? Ebo! Mstari mmoja ni wa barua ya kuomba kibali cha ngoma. Kitu kizito hupigwa miwili. Sinema ya serikali, gari la serikali, hata lile shuka walilolitundika ni la serikali. Mwenda pole hajikwai!

Mahmudu: Mwenda pole anaingiaje hapo?

Muhuri: Anaingia kwa miguu. Nipe kitu cha kupigia mstari.

Akatoa mfukoni kalamu ya wino, ile aliyoondoka nayo bomani bila boma kujua. Mahmudu akampa sinia. Sinia lenyewe la duara. Mstari wa pili ukatoka umepinda, ukaanzia chini ya Mama ukapanda ukamgusa Sefu tumboni.

Nikolao: Taratibu, bwana. Karatasi ndiyo hiyo hiyo.

Muhuri: Mimi nimeshika karatasi za DC, hii itanishinda?

Mahmudu: Sasa mmemuua. Jina likilazwa juu ya mistari miwili ni maiti juu ya jeneza. Hebu kumbukeni, sinema yenyewe ilikuwa chini? Ilikuwa juu! Shuka limefungwa huku na huku kwenye nguzo. Basi na jina nalo lifungwe huku na huku, kwa vile vikoma viwili viwili vinavyoning'inia. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Nikolao: Vile si vya maneno ya mtu anaposema?

Mahmudu: Kwani sinema haisemi?

Ile haikusema hata neno. Sauti yote ilikuwa ya bwana mmoja wa kipaza sauti aliyeketi juu ya gari, tena ana mafua. Lakini nani wa kumkumbuka bwana mwenye mafua wakati elimu imepamba moto? Muhuri akatia vikoma viwili kushoto, viwili kulia, na kalamu ikaongeza cha tano kwa hiari yake.

Bama muda wote huo alikuwa anapuliza kahawa. Sasa akacheka kicheko cha mtu aliyevuka bahari.

Bama: Mnacheza nyie. Sinema mimi nimeziona Kolombo. Nimeziona Bama, mizinga inalia. Jina la sinema ni herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Mwana wa nyoka ni nyoka! Herufi ya kwanza ikiwa kubwa, wadogo zake watakuwaje wadogo?

Muhuri: Hapo kuna neno.

Bama: Tena linaanzia kulia.

Mahmudu: Kulia wapi?

Bama: Kulia kuja kushoto. Niliona kwa macho yangu pale uwanjani. Jina lilipotokea, F imegeuka, S imegeuka, kila kitu kimetazama kule. Halafu yule Mama Sefu akamlisha mtoto kwa mkono wa kushoto! Nikasema moyoni, mama huyu hata anawe vipi, adabu hana.

Mahmudu: Bama. Siku ile ulikaa wapi?

Bama: Mahali pazuri. Hapakuwa na msongamano.

Mahmudu: Ulikaa nyuma ya shuka!

Bama: Nyuma, mbele, sinema si ile ile?

Mahmudu: Mbele walikufukuza! Ulikuwa unampigia Mama Sefu amri za kijeshi, nawa, geuka, nawa!

Bama: Askari hafukuzwi. Askari hubadili upande.

Mtu angedhani hapo tungecheka tukamrudishia Baba Skola karatasi yake. Wapi! Muhuri alikuwa keshainama anaandika. Kila herufi ndogo ya Skola aliipanda kwa herufi kubwa ya kwake, na F moja akaigeuza, kwa heshima ya Bama.

Na mimi je? Msinitazame hivyo, nami nimo. Kisomo nilichonacho kinanitosha, lakini nina futi. Nikasema jina la sinema ni kola ya shati. Kola ikienda upande, hata shati liwe la hariri, mtu anaonekana mlevi. Nikapima. Nikakuta jina limeegemea kushoto inchi moja na robo. Nikasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nikatia alama za chaki ili Muhuri aongeze kitu upande wa kulia pakae sawa. Akaongeza nyota. Kisha nikaifuta chaki kwa mkono wa kanzu yangu, na wino ulikuwa haujakauka.

Mama Sefu alitapakaa mpaka ukingo wa karatasi. Pale juu pakabaki bluu tupu, na nyota moja.

Nikolao aliinuka kwenye benchi. Akakiweka kikombe chini.

Nikolao: Jamani. Jina linaonekana bado?

Muhuri: Linaonekana. Kwa mtu anayelijua.

Nikolao: Yule bibi wa misheni atalijua?

Wakati huo lori la Masasi lilikuwa limesimama mbele yetu na dereva ameshuka. Alikuwa mgeni, kijana anayeitwa Walter, ameshika zamu ya dereva mzee aliyeugua.

Walter: Shikamooni, wazee.

Wote: Marahaba.

Walter: Nimeambiwa hapa nitapewa bahasha ya hospitali. Naondoka sasa hivi. Ala! Hii karatasi imepatwa na nini?

Bama: Inarekebishwa.

Walter: Ahaa. Na humo ndani huyo binti ameandika nini?

Mahmudu akashughulika na makaa. Bama akatazama upande wa mashariki, Bama iliko. Mimi nikatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Tangu kahawa ya kwanza mpaka saa ile tulikuwa hatujavuka ule mstari wa juu, na chini yake ukurasa mzima ulikuwa umejaa mwandiko.

Muhuri: Ndani ni ndani. Sisi tulikuwa bado kwenye jina.

Nikolao: Swalehe. Nisomee.

Hakumwita Muhuri, hakumwita bwana. Swalehe akasafisha koo kama anayesoma tangazo la kodi, akaanza kwa sauti kubwa. Sauti ikawa inapungua kadiri alivyoteremka.

"Wiki mbili zilizopita nilikwenda uwanjani nikaona sinema iitwayo Mama Sefu Ananawa Mikono. Mama Sefu ananawa kabla ya kupika, ananawa akitoka chooni, na anamwosha mwanawe Sefu kwa ndoo mbili. Maji yanayobaki anayamwaga. Watu walipomwona anayamwaga walipiga kelele uwanja mzima, na bibi mmoja karibu yangu akalia.

"Mlangoni kwa Mama Sefu pana pipa. Pipa limejaa sinema inapoanza, na limejaa sinema inapokwisha. Mimi nateka debe moja kwa siku. Naondoka jogoo la kwanza, nateremka bondeni, nangoja zamu yangu kisimani, napanda, nafika nyumbani jua likiwa kali. Debe hilo ni la kupika, la kunywa, na la baba kunawa. Baba hunawa vizuri na simlaumu. Siku niliyomwosha mtoto wa jirani mwenye upele, jioni hatukupika. Nilimwambia baba kwamba sisikii njaa, naye akasema hata yeye.

"Kwamba uchafu huleta maradhi nasadiki. Naomba kusomea uuguzi ili nijue la kumwambia mama asiye na pipa. Sinema ni nzuri. Lakini haikuonyesha lile pipa analijaza nani, na mimi nilikaa mpaka mwisho kwa ajili ya kumwona huyo."

Basi. Chini jina lake, Scholastika Nikolao, na tarehe.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na mtu mzima akiona aibu saa tatu asubuhi hana pa kwenda. Nikolao alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, anajifuta tena.

Nikolao: Kumbe alikuwa na njaa.

Walter: Mzee, samahani. Lori linaunguruma, petroli ya watu inaungua.

Nikolao akaichukua karatasi. Akaweka kidole kwenye ule mstari wa kwanza wa maneno, akamgeukia Swalehe.

Nikolao: Hapa ndani umesoma jina la sinema. Ameliandikaje?

Swalehe akainama. Hata mimi niliinama. Mama Sefu Ananawa Mikono, kila neno na herufi yake kubwa mwanzoni, na chini yake mstari mmoja wa rula, umenyooka.

Swalehe: Ameliandika... linasomeka.

Nikolao: Fundi, nipe mkasi. La, kata wewe. Ondoa hicho kichwa chote.

Nilikata. Skola aliandika upande mmoja tu wa karatasi, Mungu amjalie, kwa hiyo hapakuharibika kitu nyuma. Ule ndio mkato ulionyooka kuliko yote niliyokata mwaka ule. Insha ikabaki inaanza na "Wiki mbili zilizopita," safi, kama haijawahi kukutana na sisi. Walter akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia ndani ya shati, na lori likaondoka na vumbi lake.

Kipande kilichokatwa kilibaki mezani. Muhuri akakigeuza geuza.

Muhuri: Hata hivyo, mistari miwili ilikuwa sahihi.

Bama: Kwa ulivyoipiga wewe? Mahmudu, mimina nyingine tulizungumze hili vizuri.

Mahmudu akaliinamisha birika. Likatoa matone mawili na machicha.

Mahmudu: Imekwisha.

Bama: Chemsha!

Mahmudu: Kwa maji gani? Esha, anayeniletea maji, hajapanda kutoka kisimani.

Nikolao akaliokota debe tupu la Mahmudu pale karibu na jiko, akalitia begani.

Bama: Unakwenda wapi?

Nikolao: Kumpokea Skola njiani. Na hili nalijaza huko huko.

Bama: Mwanamume mzima na debe? Watu watasema!

Nikolao: Waseme. Si ndiyo kazi yetu?

Akavuka barabara. Akapita maduka, akafika nyuma ya soko pale vijia vinapogawana kuelekea ukingo wa bonde. Tulimwona amesimama. Akatazama kijia hiki, akatazama kile, akageuka akarudi mpaka barabarani, debe begani, akatuita kwa sauti.

Nikolao: Jamani! Wanawake wanashukia kisimani kwa njia ipi?

Swalehe aliijua kila ofisi ya boma. Fikirini aliijua njia ya kwenda Bama na ya kurudi. Mahmudu alikuwa ameyauza maji yale miaka ishirini, kikombe kwa kikombe. Nami nimezaliwa hapo hapo Newala, wakati huo nina miaka arobaini na saba. Nikakanyaga cherehani, haina hata kitambaa, na Nikolao akawa bado amesimama barabarani na debe, anasubiri tumjibu.