Mkono Uliokuwa na Waombolezaji Wengi

Bwana DC, Bwana Daktari, wazee wa baraza la Njoro, akina mama mliotushinda kwa mavazi, nanyi mliopokea leo vyeti vya huduma ya kwanza: hamjambo? Mimi ni Odero wa kiwanda cha mbao. Shule niliacha darasa la pili, mimi na mwalimu tulipokubaliana kwamba inatosha. Lakini somo lenu nimelisoma nikiwa nimelala chali.

Mwaka jana msumeno wa mashine ulinikata mkono huu ukatengana nami, juu ya kiwiko. Mnadhani nilipiga kelele? Nilianguka kwenye unga wa mbao, laini kama godoro la Bwana DC (samahani, sijalilalia). Harufu ya mwerezi ikanibeba. Paa likafunguka, nikawa juu ya ziwa la Nakuru pamoja na ndege heroe, waridi juu, waridi chini, wala sina haraka ya kwenda popote.

Na ndugu zangu walikuwa wapi? Walikuwa kwenye mkono! Binamu yangu Omolo ameufunga ndani ya koti lake, analia.

"Mkono wa Mjaluo hauzikwi Njoro. Huu unakwenda nyumbani, Alego."

"Kwa treni?" akauliza nyapara wetu, Nyongesa. "Utaukalisha daraja la ngapi?"

"Wewe nyapara, usinichekee maiti!"

Kiwanda kizima kikagawanyika, hawa kwa Omolo, hawa kwa Nyongesa. Mimi nikabaki peke yangu, navuja, natabasamu.

Ndipo akaja mzee mwenzangu Hemed, huyu hapa, aliyekuwa amehudhuria darasa kama lenu kwa ajili ya chai na mandazi.

"Huo umeshakufa!" akawafokea. "Huyu bado!"

Akavua shati, akalikunja, akaligandamiza kwenye jeraha kwa uzito wake wote. Damu ikakaidi. Akafunga kitambaa kipana juu kidogo ya jeraha, akapitisha kijiti, akakisokota mpaka damu ikasimama. Hapo sasa nilipiga kelele! Heroe wangu wote wakaruka. Akanifunika magunia, chai akaninyima, akamwambia dereva wa kiwanda kitambaa kisiguswe mpaka kwa daktari.

"Nitukane, Odero," akanibembeleza. "Usininyamazie tu."

Nikamtukana mpaka hospitali.

Hemed, ndugu yangu, siku ile nilikuchukia. Mahali pale palikuwa pazuri mno. Bwana Daktari, umewafundisha hawa mifupa na mishipa. Je, umewaambia kwamba kifo kinabembeleza kama mama? Anayepiga kelele bado ana nguvu. Mkimbilieni kwanza yule anayetabasamu.

Omolo naye hakushindwa. Mkono ulisafiri, ukazikwa Alego, shangazi zangu wakaulilia kwa sauti zote walizoniwekea mimi. Nikienda likizo napalilia lile kaburi asubuhi, kisha naketi kando yake na kibuyu cha uji. Kuna maiti gani aliyewahi kupata starehe hiyo?

Kwa masikio yenu, asanteni sana. Na makofi, tafadhali, pigeni pamoja na fungu langu.