Isidore, Martine na Gari Yenye Ilikula Samaki

Ndugu na majirani wenye mumepita barrière zote hizi za wenye bunduki ili kufika hapa, asante. Mutasikia maisha ya Isidore pamoja na ya gari yake, maana tangu juzi matanga iko na ulizo moja tu: "Gari inaenda kwa nani?" Mudogo wake Gustave amekwisha kujibu kama ni ya ukoo, kwa sababu kwetu mali ya mwanaume inarudia ndugu zake. Musikilize kwanza.

Isidore alizaliwa Mongbwalu, tarehe 14 mwezi wa tano 1951, mutoto wa pili wa muchimba zahabu na mama mulimaji. Alitoka miguu mbele. Mama yetu alikuwa anasema huyu alizaliwa akitafuta frein ya kukanyaga.

Alisoma primaire hapa Bunia, kutoka 1958 mpaka 1964. Alikuwa na akili ya hesabu, lakini kinywa chake kilitangulia akili. Siku moja mwalimu alifundisha kama ndege inaruka sababu iko nyepesi. Isidore akasimama: "Mwalimu, na jani la muti iko nyepesi, mbona inaanguka?" Alipigwa fimbo, akacheka, akapigwa tena.

Mwaka 1971 aliingia kazi kwa Mugiriki mumoja mununuzi wa kahawa, akaendesha camion ya mizigo kati ya Bunia na Niania miaka ishirini na tano. Alilala zaidi mu matope ya ile barabara kuliko mu kitanda yake. Mu 1996, vita ilipokaribia, Mugiriki alipanda ndege, akamuachia kwa kuagana gari yake ya mbio: nyekundu, viti viwili, paa ya turubai, chini kama sapato ya muguu. Mutaa muzima wa Lumumba ukaiita Sapato.

Mbele ya hayo, tarehe 18 mwezi wa nane 1979, alimuoa Martine, binti ya Kasenyi, kando ya ziwa, muuza samaki. Hapa wanaume wa ukoo wanapenda kupita mbio. Siye tutapita polepole.

Watu wanafikiri gari nyepesi iko na matengenezo nyepesi. Uongo mutupu. Sapato ilikuwa chini sana, basi kila jiwe ya barabara ya Kasenyi iligonga carter, ile sanduku ya chini yenye kushika mafuta ya moteur, na Isidore aliziba nyufa na sabuni. Radiateur yake, yenye kushika maji ya kupoza moteur, ilikuwa ndogo kama kitabu cha nyimbo: kutoka ziwani, kupanda mulima, inachemuka. Ikichemuka sana, joint ya culasse, yenye kutenga maji na mafuta, inaungua, maji inaingia mu mafuta, mafuta inakuwa kama chai ya maziwa. Kutu ilikula chini ya milango. Paa ilivuja.

Nani alilisha ile mudomo yote? Joint ilitoka Kampala, na kila joint ilikuwa mizigo mbili ya samaki ya Martine. Embrayage, ile ya kubadilishia gia, ilikula samaki ya musimu muzima. Paa ilipopasuka, Martine alikata pagne yake mupya ya kuvaa akaishona mwenyewe. Ndiyo maana gari nyekundu iko na paa ya maua. Isidore alitoa mikono. Vyote vingine vilitoka mu beseni ya bibi yake.

Gustave alikuwa anakuja kumuchokoza mukubwa wake: "Yaya, ungeoa muke wa pili, hangekula kama hii chuma!"

Isidore anajibu: "Muke wa pili hangenibeba mpaka Kasenyi."

Na Martine, bila kuacha kupaa samaki: "Hata hii haikubebi. Ni samaki yangu inakubeba."

Walicheka wote watatu. Gustave, ulicheka. Ulikuwa unajua.

Mwezi wa nane 2002, wenye bunduki waliingia mu parcelle, mu kiwanja ya Isidore, wakachukua Sapato. Siku ile hakuna mutu wa ukoo aliyesema ni ya ukoo. Gustave alikuwa chini ya kitanda. Walipanda watano mu gari ya wawili, wakaimba. Kwa kilima ya kwanza ikachemuka, radiateur ikatoboka tundu ndogo. Mumoja akafungua kifuniko cha radiateur ingali moto, maji ikamuunguza mukono. Wakarudi kumutafuta Isidore, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na ugonjwa, hawezi kusimama. Martine akabeba beseni ya maji na mayai, akaenda.

"Mama, tengeneza mbio!" mukubwa wao akapiga kelele.

"Acha ipoe. Hii haisikie bunduki."

Akakaa juu ya jiwe, akangoja. Kisha akamwanga maji, akapasua mayai ndani ya radiateur. Wakacheka mpaka machozi. Lakini moteur ilipowaka, mayai ikaiva, ikaziba tundu, na kicheko ikaisha.

Martine akapanguza mikono. "Haya, ni yenu. Kila mupando, maji. Angalieni mafuta kila asubui, ikikuwa nyeupe, musimame. Joint munatafuta Kampala. Mayai nitawauzia."

Mukubwa akaangalia gari, akaangalia mutu wake mwenye kuungua. "Mama, ondosha takataka yako hapa!"

Alirudi nayo peke yake, mikono juu ya volant, akiizungusha mwenyewe. Ndiyo siku Lumumba ilijua kama anaendesha.

Ugonjwa wa Isidore ulianza mwezi wa sita 2002: tension ya damu, kisha figo. Njia za kumupeleka mbali zilifungwa na vita. Siku za mwisho alikaa mu kiti cha pembeni cha Sapato, ndani ya parcelle, anasikiliza moteur na kumuelekeza Martine: "Hiyo si joint, ni courroie. Kaza ule mukanda." Siku mbili mbele ya kufa, Gustave na muzee Donatien wa kanisa wakiwa pale, alisema: "Funguo iko kwa mwenyewe. Musimusumbue." Funguo ilikuwa imefungwa mu pagne ya Martine. Gustave anasema ni homa ilikuwa inasema. Isidore hakuwa na homa. Alikuwa na figo.

Alituacha siku ya Mungu, tarehe 9 mwezi wa pili 2003, asubui, nyumbani kwake Lumumba.

Ameacha mujane wake Martine, watoto watatu, Espoir, Prudence na Rodrigue, wajukuu watano, dada yake Bibiane, ni mimi mwenye kuandika haya, na mudogo wake Gustave, mwenye bado tunamupenda.

Kisha kuzika, siye tutarudi Lumumba kwa miguu. Martine atarudi na gari yake. Mwenye anataka kumuzuia asimame sasa, Isidore angali juu ya udongo.

Hakuna? Basi mushushe sanduku. Isidore, lala mu mikono ya Mungu.