Mzee Kelestini na Silinda Yenye Utepe Mwekundu

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 1996, Mzee Kelestini Ponsiano atakabidhi funguo za chumba cha sauti katika makumbusho yetu hapa Ifakara, baada ya miaka thelathini na mitano ya kazi. Kiti chake tumeshaanza kukigombania, ila funguo kila mtu anazikwepa, na mtakaosoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Aliajiriwa mwaka 1961 kama mfagizi. Katika chumba alichopewa afagie kulikuwa na fonografu moja ya kuzungusha kwa mkono na silinda za nta mia moja na arobaini, zenye nyimbo na masimulizi ya watu wa bonde hili, zilizorekodiwa na wamisionari kabla ya Vita ya Kwanza. Kwa asiyezijua, sauti ilichorwa kwenye bomba fupi la nta lenye unene wa kikombe cha chai. Kila mtu alikuwa akizishika kwa nje. Kelestini aliona alama za vidole zilivyoganda kwenye nta, akatufundisha wote: unaingiza vidole viwili kwenye tundu, unavitanua, ndipo unainua.

Vidole hivyo vikawa rula yake. Silinda ya kawaida, yenye urefu wa inchi nne na robo, ni ya vidole viwili. Ile pana ya inchi tano inameza ngumi nzima. Ile ndefu ya inchi sita, ambayo maofisini bosi aliisomea barua ili karani aje kuipiga chapa, haiingii kabisa kwenye mashine yetu, lakini aliitunza vilevile. Zile pana zilipokosa maboksi, alizihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya watoto aliyoyatoboa matundu ya hewa. Mfanyakazi yeyote aliyejifungua miaka ile alitembelewa na Kelestini mapema mno, na swali lake la kwanza halikumhusu mtoto. Masika moja, ili kuzuia ukungu, alizizungushia silinda vifuko vya mchele uliokaangwa. Ukungu haukuja, wakaja panya. Barua yake ya kuomba paka bado ipo kwenye faili.

Lakini tusimpambe kupita kiasi, mwenyewe hapendi. Mwaka 1971 alifika Mama Agnella wa Lumemo, aliyetaka kumsikia baba yake. Huyo baba, Hermenegildi, alikuwa mvushaji wa watu kwenye mto Kilombero. Alirekodiwa akiimba mwaka 1913, na alifariki binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama Agnella hakuwahi kuijua sauti yake. Kelestini aliweka silinda, akashusha sindano, ikatoka kelele ya kukwaruza tu. Aliinua sindano katikati, akajaribu tena tangu mwanzo, na palepale katikati akainua tena. Mama Agnella alishukuru kwa adabu, akarudi Lumemo kwa miguu.

Miaka miwili baadaye padre mmoja alimtafsiria kijitabu cha Kijerumani kilichokuja na mashine. Humo Kelestini alijifunza kwamba kuna silinda za dakika mbili na za dakika nne, zenye urefu na upana uleule. Tofauti ni mistari ya sauti: ile ya dakika nne imebanana maradufu na inahitaji sindano nyembamba. Sindano yetu ilikuwa ya dakika mbili, na ilikuwa imeilima sauti ya Hermenegildi kama jembe. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Siku hiyohiyo Kelestini alipanda baiskeli hadi Lumemo, akamwambia Mama Agnella kwamba aliyeiharibu ni yeye. Kisha akaifunga silinda ile utepe mwekundu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuruhusu mtu aiguse. Nyingine zote alizikagua upya moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akihesabu mistari kwa kioo cha kukuzia.

Mwaka jana fundi Rosemery alitoka Dar es Salaam kuja kuhamishia silinda kwenye kaseti, akiwa na sindano za kila aina. Kelestini alimpa zote isipokuwa yenye utepe. Siku tatu Rosemery alimbembeleza, akimweleza kwamba sindano haikuwahi kuvuka katikati, hivyo nusu ya pili ni nzima. Kelestini alilijua hilo vizuri. Alichoogopa ni kukosea mara ya pili. Siku ya nne aliufungua utepe mwenyewe, nasi tuliokuwa mlangoni kila mmoja akiomba kimoyomoyo funguo za chumba kile zisije zikamwangukia yeye.

Zilipatikana karibu dakika mbili. Hermenegildi anaimba kwa Kindamba, anakosea maneno, anacheka, anaendelea. Kelestini alikataa gari la ofisi. Alifunga redio kaseti nyuma ya baiskeli, nami nikamfuata kwa yangu. Mama Agnella, ambaye sasa ni bibi wa miaka sabini na mitano, alisikiliza mara tatu.

“Kumbe alikuwa mtu wa kucheka,” alisema mwishowe. Kisha akamshika mkono. “Mdogo wangu, mzigo huu umeubeba muda mrefu. Utue sasa, upumzike.”

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi Kelestini alikuwa kazini kama kawaida. Kwa hiyo Ijumaa hii tunamwambia tena maneno yaleyale ya Mama Agnella, safari hii kwa barua yenye mhuri. Asante, Mzee wetu, tunakupenda. Ukae nyumbani kwa afya na raha, na ule utepe ulio kwenye mfuko wa shati lako tumekubaliana usiurudishe.

Vitus, chumba cha jirani