Namba Kumi na Tisa

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha Fundi Saa, pale njia mbili zinapokutana na watu kupunguza mwendo hata kama hawana haja. Mama Kahawa ana jiko lake la mkaa upande wa kivuli. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ana pembe yake ya kushoto ambayo mgeni akiikalia huangaliwa mpaka ajiondokee mwenyewe. Kifungu, aliyekuwa karani wa mahakama na hajapona hadi leo, hukaa katikati ili akate maneno. Siku nyingine zote hapo hubishaniwa mpira na siasa mpaka kahawa inapoa. Siku hiyo, tangu saa tatu asubuhi, kila mmoja alikuwa amekunja mkono wa nguo, na hakuna aliyecheka.

Mke wa Fundi Saa alikuwa na miezi saba kaburini. Enzi za uhai wake alikuwa akitengeneza mafuta ya manukato kwenye meza ya jikoni, katika vichupa vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, na badala ya kuyapa majina ya mbwembwe aliyapa namba. Hakuuza namba yoyote kabla hajaijaribu kwenye ngozi yake mwenyewe. Tone moja tu ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, bila kusugua, kisha anasubiri na kalamu yake: ananusa baada ya saa moja, baada ya tatu, baada ya sita, na kila mara anaandika. Namba kumi na tisa hakumuuzia mtu. Hiyo ilikuwa yake, na alipopita kijiweni kumletea mumewe chakula cha mchana, benchi zima lilibaki na harufu yake mpaka alasiri.

Kichupa cha mwisho kiliishia hospitalini. Kilichobaki ni mtandio mmoja, ambao Fundi Saa aliufunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila akiufungua anakuta harufu imepungua. Sasa ilikuwa lazima azamishe uso mzima ndipo asikie kitu, na hata hicho alikuwa hana hakika nacho. Mtu aliyezoea kutengeneza vitu vidogo vinavyosimama hakuweza kukaa tu akitazama hiki nacho kinasimama. Akachukua daftari la marehemu, akanunua kila kilichoandikwa, akapima kwa kidude chake cha kutonesha mafuta kwenye saa: waridi matone saba, karafuu matatu, mdalasini mawili, udi moja. Akaulaza mchanganyiko kabatini siku ishirini na moja, kama alivyoagizwa na mwandiko ule.

Mara ya kwanza ilinukia vizuri, lakini haikuwa yeye. Mara ya pili vivyo hivyo. Hii ya tatu akaona aje nayo kijiweni, kwa sababu alianza kushuku kwamba pua yake ndiyo iliyoharibika, ama kwa grisi ama kwa kulia. Wote pale walimjua mkewe. Akawatonesha mmoja mmoja, tone kwa tone, akawaomba jambo moja tu, wasisugue. Breki akasugua hapo hapo, kwa mazoea, ikabidi anawe na kuanza upya kwenye mkono wa pili.

Saa tisa alasiri Fundi Saa alitazama saa yake, ile moja anayoiamini kati ya zote alizonazo, akasema zimetimia sita.

— Anza wewe, Mama Kahawa.

Mama Kahawa alikunja kiwiko akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

— Waridi lipo. Zuri. Ila ni mwanamke mwingine, samahani kusema. Kama mtu kavaa nguo za marehemu akaja kukaa hapa.

— Mie nasikia kitunguu, alisema Breki.

— Ulikula kitunguu, alisema Mama Kahawa.

— Nilikula, ndiyo, lakini mkononi?

Kifungu alinyoosha mkono wake mbele kana kwamba anauwasilisha kama ushahidi. Akatangaza kuwa wake unanukia makabati ya ofisi, yale ya chuma, na kwamba hakushangaa, kwa kuwa mtu hawezi kukaa na majalada miaka thelathini na nne yasimwingie.

Fundi Saa alinusa mikono yote mitatu, akiinama mbele ya kila mmoja kama daktari. Kisha akanusa wake. Chuma na mafuta ya mashine, na waridi nyuma yake, mbali, kama linasikika kutoka nyumba ya jirani. Akashusha mkono wa shati akafunga kifungo. Moyo ulimuuma waziwazi, na hakujishughulisha kuuficha.

— Nimefuata kila kitu, alisema. Kila tone. Hata siku nimehesabu.

Hapo ndipo nadharia zikaanza, maana kijiwe hakiwezi kumwona mwenzake ameshika tama kikanyamaza. Breki alishika usukani. Alieleza kwamba ngozi ni sawa na injini: ukitia oili ile ile kwenye gari mbili, moja itatoa moshi na nyingine itanguruma vizuri, kwa sababu kila injini imebaki na uchafu wake wa zamani. Kifungu alikataa habari ya uchafu. Yeye alisema ni damu. Alidai kuna watu ambao damu yao ina chumvi nyingi na hao hawafai kujaribiwa manukato, na kwamba mashahidi waongo aliwatambua kwa namna hiyo hiyo, kabla hata hawajaapa, kwa kuwasogelea tu.

— Kwa hiyo mahakama nzima ilikuwa inategemea pua yako? aliuliza Mama Kahawa.

— Sikusema nzima.

Mama Kahawa naye alikuwa na yake. Alisema manukato yana masikio. Yule mama alikuwa akiimba kidogo kidogo anapochanganya, kila mtu aliyepita dirishani alimsikia, na Fundi amechanganya kimya kama mtu anayetega bomu. Yatanukia vipi mafuta yaliyozaliwa kwenye ukimya? Breki akasema basi kama ni hivyo tatizo ni kubwa zaidi: mafuta yamejua kwamba mwenyewe hayupo, na yamegoma. Aliyasema hayo kwa uso mkavu kabisa. Kifungu akatafakari, akauliza kama yaligoma kabatini au baada ya kutoneshwa, kwa kuwa hayo ni makosa mawili tofauti.

Siku nyingine Fundi Saa angewacheka. Siku hiyo aliwasikiliza kama mgonjwa anayesikiliza waganga watatu, tayari kumeza dawa ya yeyote. Akauliza kama akiimba itasaidia. Mama Kahawa akageukia birika lake akajifanya anachochea mkaa.

Hapo ndipo alipofika fundi rangi mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa na kazi ya kupaka milango ya duka la ng'ambo ya barabara, na kucha zake zilikuwa za kijani. Akaamkia wazee, akaagiza kahawa, akaikalia pembe ya Breki, na kwa mara ya kwanza Breki hakumwangalia. Wakamsimulia yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Fundi Saa akamtonesha na yeye, ingawa hakumjua marehemu, kwa sababu mtu anayezama hachagui cha kushika.

Fundi rangi aliunusa mkono wake, akainua mabega.

— Mimi naona ni mafuta mazuri, baba. Ila niulize. Sisi mtu akitwambia tumrudishie rangi ya ukuta wake, kopo la rangi peke yake halitoshi. Tunauliza ukuta wenyewe chini ulikuwaje. Rangi moja, ukuta mwingine, inatoka nyingine.

— Enhe, alisema Kifungu.

— Sasa huyu mama. Kabla hajapaka chochote, yeye mwenyewe alikuwa na harufu gani?

Mama Kahawa alimtazama Breki. Breki alimtazama Kifungu. Kisha wote watatu wakamgeukia mume.

Fundi Saa alifungua mdomo bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe. Akatafuta. Akakuta waridi. Akalisogeza waridi kando, nyuma yake kukawa na karafuu. Akamtafuta jikoni akakuta mdalasini. Akamtafuta kitandani akakuta namba ya juma hilo, ipi vile, kumi na mbili, kumi na nne. Hospitalini alikuwa akimtonesha mwenyewe kila jioni, kwa kuwa mgonjwa hakutaka kunukia dawa.

Kisha akaziona asubuhi zao. Mkewe ametoka kuoga kwa maji matupu, bila sabuni ya harufu, maana ngozi ya kujaribia ilipaswa kuwa safi. Amejifuta mkono. Amekaa ukingoni mwa kitanda na kichupa bado kimefungwa, na anamwambia, kama alivyomwambia kila siku, nipishe kidogo, usinichanganyie harufu. Naye anatoka. Baada ya dakika tano sauti inamwita: haya, njoo unuse.

Kahawa ilichemka ikamwagika juu ya jiko la mkaa, na Mama Kahawa hakuinuka.

— Alikuwa ananitoa chumbani, alisema Fundi Saa. Kila asubuhi, miaka ishirini na saba. Mimi nasimama nje namsubiri apake, ndipo naitwa ninuse.

— Si ndiyo heshima, ndugu yangu, alisema Breki kwa upole.

— Dakika tano, alisema Fundi Saa. Na mlango wenyewe haukuwa na komeo.