Saksofoni Nyuma Yangu

Amahoro, ndugu zangu. Mama kiongozi wa kikundi chetu ameniomba nisimame niwaambie namna nilisamehe. Ngojeni, mutasikia.

Bwana yangu alipofariki, shemeji zangu walinifukuza mu shamba letu kule Carama. Nikahamia kwa dada yangu, Ngagara. Machungu yale nikayatia mu akazehe, ile salamu ya kuimba ya mama zetu: mumoja anaanza, mwenzake anamujibu, mpaka wamalize pamoja. Mi naanza, dada anajibu.

Mupiga saksofoni mumoja, jina simutaji, akatusikia. "Mama, tutoe albamu. Nyimbo za asili na jazz, polepole, watu wakae wafikiri." Dada alimukataa tangu mwanzo. Mi nikaenda studio peke yangu.

Siku moja nikasikia redioni nyimbo zangu, saksofoni yake, sauti ya binti mwingine. Na maneno ya wajane yametolewa, imekuwa mapenzi! Ndugu zangu, nawaambia, nililia kuliko siku ya matanga. Shamba walichukua, sasa na kilio changu? Nikaacha kuimba. Hata kanisani nilikaa mdomo umefungwa.

Dada ndiye aliniinua. "We, ule mutu ana salamu haina jibu. Twende tumujibu."

Yule bwana alikuwa anapiga kwenye sherehe moja Gihosha. Binti yule wa redioni alipoanza, mi na dada tukajibu kutoka kwenye viti vyetu, na maneno ya kweli: mujane, shemeji, shamba. Mama wote mule ndani wanajua salamu ile haikatwi njiani. Wakaitikia! Binti akanyamaza. Bwana mukubwa akabaki na saksofoni mdomoni, hakuna sauti. Ilikuwa tamu, siwafichi.

Tukatoa albamu yetu. Yeye akakosa wa kumuita kupiga. Akaja mulangoni: "Mama, pardon, naomba kazi." Nikamupa.

Munapiga makofi? Apana, ngojeni! Kila tukipiga, anasimama nyuma yangu anapuliza polepole, na mi naimba wimbo mupya, wa mwizi wa kilio. Watu wanauliza mwizi ni nani. Mi nageuka namutazama. Anapuliza vizuri sana, masikini.

Asante dada yangu. Asanteni na ninyi, mulikaa na mi wakati sina sauti. Mafundisho yangu ni haya: mutu akikuibia kilio, usimulaani kwa mbali. Mulete karibu, asikie wimbo wote.

Kusamehe, Mungu atanifundisha. Mi simuharakishi.